Nani Alilipandisha Kovu la Binti Yangu

Mimi nimeamua kesi nyingi kwenye maisha yangu. Za mipaka ya shamba kule Hasamba, za ng'ombe walioingia kwenye mpunga wa mtu Kamsamba, za mume na mke waliokuja kwangu wakigombana saa ya chakula, nikawasikiliza huku wanakula ugali wangu. Shule nilifika darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza, lakini mtu akikaa mbele yangu akaeleza, namjua kama anasema kweli au ananizungusha. Sasa imeniangukia kesi ndani ya nyumba yangu mwenyewe, ya uso wa binti yangu, na mpaka leo naandika haya sijampata mkosaji. Nimeuliza daktari. Nimeuliza dada yangu. Nimemuuliza aliyeleta dawa. Kila mmoja ananipa jibu la utelezi, ukilishika linatoka.

Binti mwenyewe ni kitinda mimba wetu. Amekulia hapa hapa Tunduma, kwenye nyumba yenye duka la nafaka mbele na vyumba vya kupangisha nyuma. Vyote nilivijenga kwa mgongo huu. Nilianza kwa kusukuma mkokoteni wa mafuta ya kula kwenda Nakonde, ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia, nikirudi na sabuni, siku hizo hata kandambili nilizovaa hazikufanana rangi. Duka sasa analisimamia yeye. Mchele wa Kamsamba anaujua kwa kung'ata punje moja. Maharage yakishuka kutoka Ibaba, akiyamwaga kwenye sinia tu, anakwambia yalianikwa kwenye turubai au kwenye vumbi. Na mdomo anao. Siku moja dereva wa lori alimuuliza, "Dada, mchele huu una mawe?" Akamjibu, "Mawe nauza kando kaka, unataka kiasi gani?" Watu walicheka mpaka barabarani. Wateja wengine nawajua kabisa, wanakuja kwangu na kuwaacha wenye bei nafuu, kwa sababu wanataka kutukanwa vizuri na binti yangu.

Kitu kimoja tu kilimsumbua, chunusi. Na sisemi zile chunusi za kila msichana, zinazokuja na kuondoka. Zake zilikuwa majipu. Yanaanzia ndani, yanauma kabla hujayaona, yanaiva chini ya taya na kwenye mashavu, yanapasuka usingizini, asubuhi foronya ina damu. Tuliambiwa akimaliza shule yataisha. Akamaliza, yakaongezeka. Tukaambiwa akizaa yataisha. Nikawaambia hao washauri, mtoto hajaolewa, mnataka azae ili apone uso? Mama yake alijaribu limau, akajaribu mshubiri, akajaribu asali. Kuna krimu ilitoka sokoni Nakonde ikampa rangi mbili, shavu jeupe shingo nyeusi. Nikapiga marufuku makorokoro ya kupaka ndani ya nyumba yangu.

Ndipo akaingia mpwa wangu. Huyu ni mtoto wa dada yangu wa Hasamba, dereva wa malori ya masafa, anashusha mzigo mpaka Afrika Kusini. Foleni ya mpakani ikiwa ndefu analiacha lori kwa utingo wake, anakuja kuoga na kula kwetu. Alimwona mdogo wake ameinamisha uso kwenye sahani, akamwambia, "Kule ninakoshushia kuna dawa ya kumeza. Kuna jamaa yangu uso wake ulikuwa kama barabara ya mashimo, sasa hivi ukimwona utafikiri si yeye. Nitakuletea."

Akaleta kweli. Vidonge vya mafuta, laini, vimepangwa kwenye karatasi yake ya bati. Karatasi za bati nyingi, amezifunga kwa mpira. Boksi hakuna.

Hapo lazima nieleze, maana msomaji wa mbali hataelewa. Sisi watu wa mpakani tuna kawaida yetu. Kitu ukitaka kukivusha, unakitoa kwenye boksi. Kiatu kinavuliwa boksi, redio inavuliwa boksi, pasi inavuliwa boksi na kufungwa kwenye kitenge. Chenye boksi kinaitwa biashara, unaulizwa maswali. Kisicho na boksi ni chako, unakitumia. Nimefanya hivyo miaka na miaka, na kila mtu mtaani kwetu amefanya hivyo, mpaka mtoto mdogo hapa anajua kwamba kazi ya boksi ni kutupwa. Mpwa wangu alifanya alivyozoea. Alizitoa dawa kwenye maboksi yake huko huko safarini, maboksi akayaacha kwenye pipa la taka, na ile karatasi ya maelezo inayokunjwa kunjwa ndani ikaenda na maboksi. Nani angemlaumu? Siku hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba dawa si kiatu.

Maelekezo yakawa ya mdomo. Kimoja kila siku, meza umekula chakula chenye mafuta. Basi.

Mke wangu ndiye aliyeziona kwanza. Binti alikuwa ameziweka chini ya mto, na mama mwenye nyumba hakuna mto asioupekua. Nikasikia naitwa kwa sauti ile ambayo mwanaume akiisikia anatafuta kwanza amekosa nini.

"Mzee, njoo uone mwanao anachomeza!"

Nikaenda. Kanishikia karatasi ya bati usoni. Juu yake kuna alama ndogo imerudiwa rudiwa, mwanamke mwenye tumbo, kapigwa mstari.

"Umeona?"

"Nimeona mama mjamzito kapigwa mstari."

"Sasa hizo ni za nini?"

"Wewe unaniuliza mimi? Nimesomea udaktari?"

"Ni za kuzuia mimba hizo. Na kama si za kuzuia ni za kutoa. Nyumba ya mzee wa kanisa hii!"

Binti akaingia anatoka kuoga, taulo kichwani. "Mama, hizo ni za chunusi."

"Chunusi zina tumbo?"

"Mama jamani, kaleta kaka."

Nikampigia mpwa wangu. Alikuwa Zambia kwenye foleni ya mizani. Alipoelewa tunagombania nini alicheka mpaka nikamkatia simu. Nikapiga tena. Akasema, "Mjomba, ile picha ni onyo. Mwenye mimba asimeze, inaharibu mtoto tumboni. Yeye hana mimba, shida iko wapi?"

Mke wangu akaninyang'anya simu. "Kwa hiyo umemletea mwanangu kitu kinachoharibu watoto, halafu unacheka?"

"Mama, kinaharibu kwa aliye na mimba."

"Na kingine kinaharibu nini?"

"Sijui, mama. Mengine yalikuwa kwenye boksi."

Sikulipa neno hilo uzito. Niliona kesi imekwisha, binti hana hatia, nikarudi dukani nimefurahi.

Nami sitakuwa mwongo kwa sababu ya hasira. Dawa ilifanya kazi. Mwanzoni ilimtesa, midomo ilipasuka mpaka akawa anacheka kwa upande mmoja, ngozi ikawa kavu, inabanduka kama ya mtu aliyeungua jua. Lakini majipu yakaanza kunywea. Lililokuwepo likakauka, na jipya halikuja. Mwezi ukaisha, mwingine ukaisha, siku moja nikamwangalia akiwa anapima mchele, nikaona uso wa marehemu mama yangu umekaa pale. Nilikuwa nimesahau kama wanafanana, kwa jinsi majipu yalivyouficha. Nikatoka nje nikajifanya naangalia gari.

Sasa ikaja harusi ya dada yake, yule anayemtangulia. Binti akachaguliwa kuwa mpambe wa bibi harusi. Na kwetu siku hizi bibi harusi na mpambe wake lazima wafanyiwe singo, wasuguliwe ngozi ing'ae. Mjini kuna wanawake wanaolipwa kwa kazi hiyo. Dada yangu wa Hasamba, shangazi wa hawa mabinti, mama wa yule dereva, akasema hakuna mtu wa nje atakayewashika watoto wa kaka yake wakati yeye yupo hai. Alikuwa amesikia kwamba mabibi harusi wa mjini wanasuguliwa kwa kahawa. Hilo lilimchekesha sana.

"Kaka, wanasugulia unga wa kahawa wa kununua dukani! Kahawa ni yetu, singo nayo tununue?"

Na kahawa ilikuwa yangu, ya shamba langu la Hasamba, ambalo dada yangu ananiangalizia. Nilifurahi, sifichi. Mkulima gani asingefurahi? Akachukua kahawa kavu ikiwa na ganda lake, lile ganda gumu la ndani, akaitwanga kwenye kinu, akachanganya na pumba za mahindi na asali. Aliyewahi kukoboa kahawa anajua lile ganda likivunjika linakuwaje. Vipande vyake vina makali kama kucha. Wale wa mjini wanatumia unga laini wa kahawa iliyokaangwa na kusagwa. Dada yangu aliona kwamba kikali zaidi ndicho kizuri zaidi, maana sisi tumezoea hivyo, sufuria haiwi nyeupe kwa kubembelezwa.

Bibi harusi alitoka amependeza. Zamu ya mpambe, nilikuwa nimekaa uani na wazee wenzangu, tukasikia kutoka ndani:

"Shangazi, inauma."

"Tulia. Mrembo haulizi maumivu."

"Shangazi, kweli inauma, hapa kwenye taya."

"Hapo ndipo penye mabaka ya chunusi. Tunayatoa yote leo, kesho hutajijua."

Alipotoka alikuwa na ukanda mwekundu kutoka chini ya sikio la kushoto mpaka kidevuni. Ngozi ya juu ilikuwa imetoka kabisa, panavuja maji maji. Dada yangu mwenyewe alishangaa. Alisema amewasugua wengi na hajaona ngozi inayotoka kama ya nyanya iliyochemshwa. Wakampaka mafuta, kesho yake wakampaka poda nene, harusi ikapita, picha nzuri. Ukizitazama hizo picha huoni kitu.

Kidonda kikafunga. Tukashukuru. Halafu mahali pale pakaanza kuwasha. Baada ya kuwasha pakaanza kuwa pagumu. Baada ya ugumu pakaanza kupanda. Kwanza punje kama ya mtama, nyingine pembeni yake, zikaungana, likawa kovu limelala kwenye taya kama kidole cha mtoto mchanga, linang'aa, linauma likiguswa na ukosi wa blauzi. Kila wiki nikilitazama naona limesogea. Kidonda kilikuwa kimepona, sasa kovu linakua kwa nini? Linakula nini?

Binti akaacha kusimama mbele ya duka. Hakutuambia, aliondoka kidogo kidogo. Kwanza mtandio kichwani, halafu mtandio mpaka mdomoni, halafu akawa nyuma stoo anashona midomo ya magunia, kazi ya vibarua, na mbele nikabaki mimi na miwani yangu. Kwaya aliacha. Mteja akimuuliza, namjibu ana mafua. Mafua gani ya miezi? Mke wangu alikuwa anaingia stoo na uji, anakaa naye, wanatoka wote macho mekundu. Mimi sijui kukaa na mtu namna hiyo. Mimi kitu kikiharibika natafuta aliyeharibu, nampeleka kutengeneza.

Nikampeleka Mbeya kwa daktari wa ngozi. Nilitegemea mzee mwenye mvi. Nikamkuta dada mdogo, rika la mwanangu wa pili, akanisalimia shikamoo vizuri, nikakaa. Alimwangalia binti kwa utaratibu, akamshika shika, akamuuliza mambo ya damu ya mwezi, nikatazama dirishani. Halafu akaniomba boksi la dawa.

"Boksi hakuna," nikasema. "Tumeleta dawa yenyewe."

"Na karatasi ya maelezo?"

"Ilikuwa kwenye boksi."

Akashusha pumzi. Akamgeukia binti, akamwambia kwamba dawa hii haimezwi bila kupima damu na bila daktari kufuatilia. Inakausha mafuta ya ngozi, ngozi inakuwa nyembamba, inachubuka upesi. Anayeimeza hasuguliwi, habanduliwi ngozi, hang'olewi vinyweleo kwa nta, mpaka amalize na akae miezi kadhaa. Yote hayo huwa yameandikwa.

Nikamwambia, "Daktari, nimekuelewa. Basi ni dawa ndiyo iliyomfanya hivi."

"Kuchubuka, ndiyo, dawa imechangia. Lakini kovu kupanda ni jambo lingine, mzee. Hiyo inaitwa keloidi."

"Na keloidi imeletwa na nani?"

"Inawezekana ni dawa. Zamani tulifundishwa hivyo, kwamba mtu akipata jeraha huku anaitumia, kovu linaweza kwenda vibaya. Siku hizi wenzetu wengi wanasema ushahidi ni mdogo, hawaoni kama ina uhusiano mkubwa."

"Wewe unasema nini?"

"Nasema inawezekana."

"Mwanangu, mimi nimetoka Tunduma asubuhi."

Akacheka kidogo, kwa heshima. Akaniambia kuna mengine yanayoweza kulipandisha. Majipu yenyewe ya chunusi, pale kwenye taya, yanaweza kuacha kovu la namna hiyo hata bila dawa. Kusuguliwa mpaka kidonda, nako kunatosha. Na kuna ngozi za ukoo. "Nyumbani kuna mtu mwenye kovu linalopanda?"

Binti akanitazama. Nikafungua vifungo viwili vya shati, nikamwonesha bega langu, pale mkanda wa mkokoteni uliponila nikiwa kijana. Limekaa pale limetuna miaka yote, sijawahi kuliita ugonjwa, naliita cheti changu. Daktari akaitikia kwa kichwa. "Basi, na damu imo."

Washitakiwa wanne, na hakuna hata mmoja aliyefungwa! Nikamwuliza, basi vidonge aviache leo leo? Nilitaka angalau nitoke na jambo moja la kutenda. Kabla daktari hajajibu, binti akasema kutoka nyuma ya mtandio:

"Nikiviacha majipu yanarudi, baba. Na kila jipu likirudi linaweza kuniachia kovu jipya."

Daktari akasema hapo amesema kweli. Dawa tunayoishuku ndiyo hiyo hiyo inayomkinga. Akampima damu, akasema amalizie dozi chini ya macho yake, kwa dawa zinazotoka kwenye dirisha la hospitali, zenye boksi, na asithubutu kubeba mimba humo. Kovu atalichoma sindano humo humo ndani, kila mwezi, polepole lilale. Kukata, hapana. Ukilikata sasa linaweza kurudi kubwa kuliko hili.

Kila mwezi. Polepole. Linaweza. Nilirudi Tunduma na maneno hayo matatu.

Nikaenda Hasamba kwa dada yangu. Nilifika nimejaa. Nikamwambia kahawa ile aliitwanga na ganda, na mwanawe alileta dawa akatupa boksi. Aliniacha nimalize, anachambua maharage, halafu akasema, "Kaka, kovu hilo ni la ukoo."

"Ukoo wa nani?"

"Wetu."

"Kwa hiyo mkosaji ni baba?"

"Mwulize baba."

Baba yetu yuko kaburini tangu nikiwa na meno yote. Nikaondoka bila kula, na kwa mtu wa kwetu kuondoka bila kula kwa dada yako ni jambo. Alinifuata mpaka barabarani na ndizi kwenye mfuko. Nilizichukua, lakini sikusema asante.

Sasa mtu wa namna yangu, aliyejenga kwa kusukuma, anaambiwa akae asubiri sindano za mwezi kwa mwezi wakati mwanawe anashona magunia gizani. Nilishindwa. Kuna bwana mmoja ana chumba cha tiba karibu na maegesho ya malori. Anatahiri, anang'oa meno, anatoa uvimbe. Nikamweleza. Akasema, "Mzee, hicho kidude? Dakika chache tu. Nakata, nashona, anarudi dukani." Hilo lilikuwa jibu la kwanza lililonyooka tangu kesi ianze. Nikalipenda kwa sababu hiyo tu, kwamba lilinyooka.

Nikamwambia binti avae twende. Mama yake alikuwa kanisani, nami sikumsubiri. Binti hakubisha, alikuja. Pale ndani kulikuwa na kitanda chenye mpira, trei ya vyuma, harufu ya dawa ya kusafishia, na nje madereva wanapiga honi. Akalala, akatoa mtandio. Yule bwana akavuta bomba la ganzi. Binti akamshika mkono.

"Dokta, samahani. Mimi natumia dawa za chunusi, zile za kumeza."

"Haina shida."

"Unazijua?"

"Dawa za chunusi nazijua, dada."

"Ukikata likirudi kubwa zaidi?"

"Tumwombe Mungu lisirudi."

"Na likirudi?"

Yule bwana akanitazama mimi, kama mtu anayesema mtulize mtoto wako. "Likirudi tutalikata tena."

Binti akakaa. Akashusha miguu, akatafuta viatu vyake, akajitupia mtandio shingoni, usoni akaacha wazi.

"Lala," nikamwambia.

"Hapana, baba."

"Nimeshaongea na huyu bwana."

"Umeongea naye wewe. Taya ni langu."

"Na aliyekuleta ni nani?"

"Ni wewe. Na kunirudisha utanirudisha wewe, au nitembee?"

Mbele ya mtu. Akatoka. Alipita katikati ya madereva, kovu lote nje, na mimi nyuma yake na kofia mkononi. Kuna mmoja alimpigia mluzi, akamgeukia, "Mluzi huo upigie mbuzi, mimi nina haraka." Nilikuwa na hasira za kuweza kuvunja kitu, lakini nililisikia hilo jibu. Lilikuwa la yule wa dukani. Sikuwa nimelisikia miezi mingi.

Nyumbani sikuongea naye mpaka jioni. Mke wangu alipoambiwa tulikokuwa, hakunisemesha mimi mpaka kesho kutwa yake.

Basi tukaenda na sindano za Mbeya. Nilikuwa nampeleka mwenyewe. Sindano inaingia ndani ya kovu, na kovu ni gumu, daktari anasukuma kwa nguvu mpaka kidole chake gumba kinakuwa cheupe. Binti anauma kitenge. Mara ya kwanza nilikaa ndani, mara zilizofuata nilikaa kwenye benchi la nje. Kila tukimaliza namuuliza daktari, je, sasa tumejua? Na yeye kila mara, bila kuchoka, "Mzee, inawezekana ni moja, inawezekana ni yote kwa pamoja." Mtu mwenye shahada! Nikimwambia hivyo anacheka, anasema shahada yenyewe ndiyo iliyomfundisha kusema hivyo. Mimi sijaona kichekesho.

Dozi ya vidonge ameimaliza. Majipu hayajarudi. Kovu limeshuka, limekuwa laini, haliwashi, lakini lipo, lina rangi yake, na daktari amesema wazi kwamba halitaondoka lote. Hilo ndilo jambo pekee aliloniambia bila inawezekana, na ndilo ambalo ningetaka aliwekee hiyo inawezekana yake.

Mpwa wangu bado anapita. Akija anakaa mbali nami mezani. Nilimwuliza mara moja, kama angekuja na boksi, tungesoma? Akafikiri, akasema, "Mjomba, lile ni la Kizungu, maandishi kama wadudu." Sasa na hilo niliwekee hukumu gani?

Juzi nilikuwa nimekaa dukani juu ya magunia, miwani puani, binti amesimama mbele. Mtandio hakuvaa. Akaingia mama mmoja wa Nakonde, mteja mpya, kanga mbili na kikapu, akasalimia kwa Kibemba.

"Mulishani. Mchele wa bonde upo?"

"Upo, mama. Huu wa Kamsamba, wa mwaka huu. Shika unuse."

Yule mama akanusa, lakini macho yalikuwa kwenye taya. Watu wa sokoni hawajui kuficha macho. "He! Hapo ulifanya nini, mwanangu?"

Nikakaza mgongo. Nilikuwa na maneno mengi tayari, ya dawa, ya dada yangu, ya maboksi.

"Kovu, mama," binti akasema, anafungua mdomo wa gunia. "Lilipanda tu."

"Lilipandishwa na nini?"

"Hatujui. Wa kilo au wa debe?"

"Debe," yule mama akasema.

Akampimia. Hilo hatujui alilisema kama mtu anayesema leo ni Jumanne, mkono wala haukusita kwenye debe. Mimi nilikuwa nimekaa pale nyuma, na neno hilo limenikwama kooni tangu Mbeya, na halijashuka.